Fundi Anajibu: Bamba la ruta limebonyea, fremu hazilingani

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana ninayetengeneza makabati, huu ni mwaka wa tatu tangu nianze kujitegemea. Meza yangu ya ruta (ile mashine ya kuchongea mbao, inayoning'inia chini ya meza huku biti, yaani kisu chake kinachozunguka, ikitokeza juu) niliiunda mwenyewe kwa MDF, zile mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa, nikanunua bamba la alumini la milimita 6 la kuning'inizia ruta. Mwanzoni kazi ilitoka safi. Siku hizi nachonga fremu za milango za ulimi na mfereji, na nikishaunga pembe, uso wa mwimo, yaani kipande cha wima, na uso wa kile kipande cha kukingama haulingani. Ukipitisha kidole unahisi kangazi. Nimebadilisha biti. Nimepima kimo chake mara nyingi kwa vipande vya majaribio, na vipande hivyo vinakaa vizuri kabisa. Jana nililaza rula ya chuma juu ya bamba nikaona mwanga unapita katikati. Rafiki yangu anasema nilitoe nilinyooshe kwa nyundo. Nina milango 14 ya kukamilisha. Nitupe bamba ninunue jingine, au nigonge?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nyundo iache mahali pake. Alumini ukiigonga hutanuka pale pale ilipogongwa, na bamba lililokuwa na bonde moja litakuwa na vilima na mabonde.

Barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu ya sentensi moja: vipande vya majaribio vinakaa vizuri. Hapo ndipo ugonjwa ulipojificha. Mimi pia ulinisumbua. Nilikuwa na makabati ya kutoa, na kila mlango ulikuwa na kangazi hako hako. Nikakaa siku mbili nzima napiga msasa kwenye maungio, nasawazisha kwa mkono kosa ambalo mashine ilikuwa ikilirudia kila nilipoiwasha. Mwishowe nilichukua ubao mmoja, nikaupasua vipande viwili, kimoja kirefu na kimoja kifupi, nikavipitisha kwenye biti bila kuigusa. Nikavisimamisha kando kwa kando dirishani. Mifereji haikuwa mahali pamoja. Tofauti ilikaribia nusu milimita.

Tazama kinachotokea. Bamba la kawaida lina urefu wa kama milimita 300. Mwimo wa milimita 700 ukipita juu yake, unalala kwenye meza upande huu na upande ule, unavuka bonde kama daraja. Katikati, kwenye biti, ubao unaelea, kwa hiyo biti inaufikia kidogo kuliko ulivyopanga. Kipande cha kukingama ni tofauti. Ncha zake unazichonga ukikiweka mraba na fensi, ule ukingo wa kuongozea ubao, ncha inashuka ndani ya bonde huku upande wa pili umelala juu ya meza. Kinainama, na biti inakifikia zaidi. Vipande vyako vya majaribio navyo, naamini, ni vifupi. Vyote viwili vinazama bondeni pamoja, kwa hiyo vinakubaliana. Ukiingiza vipande halisi, kimoja kinavuka na kingine kinazama. Ndiyo maana kupima kimo cha biti hakujakusaidia, hata ungepima mara mia.

Na kama umeona baadhi ya pembe zinalingana na nyingine hazilingani, sababu ni mkono wako. Ukikandamiza sana kichwa cha mwimo kinapoingia, nacho kinashuka bondeni.

Sasa, kabla hujalihukumu bamba, jiulize ni nini kinachokunja bamba hilo. Nakwambia hivi kwa sababu alumini ya milimita 6, ya ukubwa huo, haibonyei nusu milimita kwa uzito wa ruta ya kilo 5 peke yake. Inabonyea kidogo tu, kiasi cha karatasi moja au mbili. Ikiwa mwanga uliouona ni mpana zaidi ya hapo, basi kuna kitu kingine kinachovuta au kusukuma, na ukinunua bamba jipya ukalifunga pale pale, nalo litapinda vile vile.

Chomoa waya wa ruta kwenye umeme. Usizime swichi tu, chomoa kabisa. Toa biti, kisha toa bamba pamoja na ruta yake. Unahitaji rula ya chuma iliyonyooka kweli. Ijaribu kwanza: piga mstari mwembamba wa penseli kwa kingo yake, igeuze upande wa pili, piga mstari mwingine juu ya nukta zile zile za mwanzo na mwisho. Mistari miwili ikiwa mmoja, rula ni nzuri. Ikiacha nafasi katikati, tafuta nyingine. Unahitaji pia fila, vile vipande vyembamba vya chuma ambavyo mafundi wa magari hupimia nafasi za valvu. Kama huna, karatasi ya kawaida ya ofisi ina unene wa karibu milimita 0.1, na karatasi nne zilizopangana zinakutosha kujua uko wapi.

Kipimo cha kwanza ni bamba tupu. Fungua skrubu zinazoshika ruta, lifute bamba vizuri, lilaze juu ya kioo kinene au meza ya msumeno ya chuma cha kumwagwa. Bonyeza pembe moja moja. Likichezacheza kama kiti chenye mguu mfupi, lina msokoto. Kisha simamisha rula juu yake kutoka pembe hadi pembe, njia zote mbili, na upenyeze fila katikati. Andika namba unazopata. Usizitunze kichwani.

Kipimo cha pili, rudishia ruta kwenye bamba hapo hapo kwenye benchi, kaza skrubu zake, pima tena. Namba zikibadilika hapa, anayekunja ni kitako cha ruta au skrubu zake. Legeza kila skrubu nusu mzunguko ukiangalia ule mwanga chini ya rula. Mara nyingi utauona unafungika mbele ya macho yako. Sababu ni mambo madogo sana: matundu ya skrubu yalipotobolewa yaliacha mdomo uliosimama upande wa chini, au kuna chembe ya alumini, au tone la gundi kavu limekwama kati ya bamba na kitako. Pitisha kidole kuzunguka kila tundu, utalihisi. Kwangu mimi kilikuwa kimdomo cha tundu moja tu kati ya matatu. Nililikwangua kwa keekee yenye biti nene, nikiizungusha kwa vidole bila umeme, bonde likapungua zaidi ya nusu. Unapokaza tena, kaza kidogo kidogo ukizunguka skrubu zote, kama unavyokaza nati za gurudumu, na uache pale zinaposhika. Nguvu ya ziada haiongezi usalama, inavuta bamba tu.

Kipimo cha tatu, lirudishe mezani lining'inie na ruta yake, pima kwa mara ya mwisho. Kama benchini lilikuwa limenyooka na mezani limebonyea, mkosaji ni meza. Kwa meza ya MDF, huku ndiko ninakokushuku zaidi. Bamba lako bila shaka linakaa juu ya skrubu 4 za kusawazishia, moja kila pembe, na ncha za skrubu hizo zinagusa ngazi iliyochongwa kuzunguka tundu la meza. MDF ni laini. Ncha ya skrubu inaichimba taratibu, wiki baada ya wiki, kwa uzito na mtikisiko wa mashine. Pembe moja inazama kuliko nyingine, nawe unaikaza juu zaidi, na skrubu iliyo jirani, ile ya kushikilia bamba lisiinuke, unaikaza chini zaidi. Bamba linakuwa kama nguo inayokamuliwa.

Dawa yake si ngumu. Toa bamba. Pale kila ncha ya skrubu inapogusa, chimba kidogo kwa patasi na ubandike washa ya chuma pana kwa epoksi, iwe sawa na uso wa ngazi. Kisha usitegemee pembe nne peke yake. Ongeza skrubu za kusawazishia katikati ya pande, ziwe 8, ili bamba lishikwe ubavuni pia. Unaposawazisha anza na pembe tatu tu, kwa sababu vituo vitatu haviwezi kulisokota bamba. Zilinganishe na uso wa meza kwa rula. Ndipo uishushe skrubu ya pembe ya nne hadi iguse, halafu za katikati moja moja. Kuguswa kwenyewe kupime kwa kipande cha karatasi chini ya kila ncha: ukikivuta kiwe kinatoka kwa ugumu ule ule kila mahali. Kinachotoka bila kugusa, skrubu iko juu. Kisichotoka kabisa, skrubu imebeba mzigo wa wenzake. Hizo skrubu za kushikilia bamba lisiinuke, zifunge hadi ziguse tu. Uzito wa ruta unalishika bamba vya kutosha.

Pima pia meza yenyewe bila bamba, kwa rula ndefu inayovuka tundu. MDF iliyobeba mzigo muda mrefu bila kuungwa mkono hubonyea yenyewe. Ikiwa hivyo, ongeza miti miwili ya mbao ngumu chini, kila upande wa tundu, karibu kadiri ruta itakavyoruhusu.

Sasa tuseme umepita vipimo vyote na bamba tupu ndilo lililopinda. Hapa tofautisha bamba lililobonyea na lililobenuka, maana wengi wanayatibu sawasawa na hayafanani. Lililobenuka kidogo, lenye mgongo katikati, halina madhara makubwa. Ubao mrefu na mfupi wote wanaligusa karibu na biti, kwa hiyo kimo hakibadiliki, mradi uwe unakandamiza hapo. Wapo watengenezaji wanaolibenua makusudi ili likibeba ruta lirudi usawa. Kwa hiyo mgongo wa milimita 0.1 au 0.2 mimi nauacha. Bonde la 0.1 nalo nauacha. Bonde la 0.2 naanza kulitilia shaka kwenye kazi ya maungio, na likifika 0.5 siwezi kufanyia kazi ya fremu hata siku moja.

Bamba la alumini lililobonyea linarudi kwa kukandamizwa taratibu. Weka vipande viwili vya mbao juu ya benchi imara, kimoja kila mwisho wa bamba. Lilaze bamba juu yake mgongo ukiwa juu, maana yake upande wa chini wa bamba sasa unatazama dari. Weka mbao nyingine pana, ya upana wote wa bamba, ikikatiza katikati, na uikandamize kwa klampu mbili. Lazima uvuke usawa kidogo, kwa kuwa alumini hurudi nyuma ukiiachia. Kaza, achia, pima. Ongeza robo mzunguko, achia, pima. Mimi hunichukua kama nusu saa na sijawahi kujuta kwenda polepole. Ukivuka mno utalazimika kulirudisha, na kila ukilikunja huku na huku linachoka, hasa kando ya tundu la biti ambako ndiko kwembamba.

Ukipenda njia ya kudumu zaidi, funga vyuma viwili vya pembe chini ya bamba, sambamba, kila kimoja ubavuni mwa kitako cha ruta, kwa skrubu za kichwa cha kuzama kutoka juu. Chuma kilichonyooka kitalivuta bamba likifuate. Pima kwanza kwamba kitapita kwenye tundu la meza. Kusugua kwa msasa uliobandikwa juu ya kioo ninakuachia kwa ile sehemu ya mwisho tu, ya unene wa karatasi. Chora mistari ya kalamu ya wino bamba zima, sugua, angalia ni wapi wino umebaki. Ukishaondoa ile ngozi ngumu ya kiwandani, alumini tupu huacha alama za kijivu kwenye mbao nyeupe, kwa hiyo paka nta na uifute vizuri.

Jambo moja la usalama nisilipite. Unaposawazisha, kagua mpaka wa bamba na meza pande zote mbili. Kwenye meza ya ruta tunasukuma ubao kutoka kulia kwenda kushoto, kukabili mzunguko wa biti. Bamba likiwa chini kuliko uso wa meza, kichwa cha ubao kitagonga ukingo wa meza upande wa kutokea, na kitasimama ghafla huku mikono yako bado inasukuma. Likiwa juu kuliko uso wa meza, kitagonga upande wa kuingilia. Ubao uliosimama juu ya biti inayozunguka huungua, na mkono unaoteleza hapo ni mkono ulio karibu na biti. Funga macho, pitisha ukucha kwenye mpaka. Usisikie chochote.

Na ile milango yako 14 isisubiri haya yote. Chukua ubao wa MDF wa milimita 6, mkubwa kama meza, ufunge kwa klampu juu ya meza na bamba, toboa tundu la biti, weka fensi juu yake. Kabla ya kuufunga, jaza bonde kwa karatasi: pale fila ilipokuambia 0.4, panga karatasi nne katikati, tatu kuzizunguka, kisha mbili. Sasa mirefu na mifupi yote inatembea juu ya uso mmoja. Utapoteza milimita 6 za kimo cha biti. Zitafute kwa kuinua ruta yenyewe. Usizitafute kwa kuvuta biti nje ya koleti, kile kishikio cha biti kwenye ruta, hapana, biti isiyoshikwa vya kutosha huchomoka. Na safari hii jaribio lako liwe mwimo mmoja mrefu kamili na ncha moja ya kukingama, si vipande vya takataka.

Swali: Habari za kazi fundi. Bamba langu nilikata mwenyewe kwa akriliki ya milimita 10, ile plastiki inayoona ndani. Niliipenda kwa sababu naiona biti. Baada ya miezi michache limekuwa kama sahani. Jirani ananiambia niliweke kwenye oveni juu ya bati nene, lilainike, linyooke. Nifanye?

Jibu: Nzuri, fundi mwenzangu. Usilitie moto. Akriliki huanza kulainika karibu na nyuzi 100 za Selsiasi, na kweli utaitoa ikiwa imenyooka. Lakini haitakaa. Plastiki iliyobebeshwa mzigo bila kupumzika hubonyea polepole kuelekea chini, siku kwa siku, hata bila joto lolote, na ruta yako ikirudi kuning'inia itaivuta tena. Alumini ya unene ule ule ni ngumu kupinda kuliko akriliki zaidi ya mara 20, na huo ndio ukweli ambao hakuna oveni itakayoubadilisha. Kumbuka pia kwamba unene una nguvu kuliko tunavyodhani: kutoka milimita 6 kwenda 10, ugumu wa bamba huongezeka karibu mara nne na nusu, ingawa kwa macho unene wenyewe haujafika hata mara mbili.

Kwa sasa, kila jioni sukuma gogo la mbao chini ya mota ya ruta ili bamba lipumzike, au itoe kabisa. Ukimaliza kazi uliyo nayo, kata bamba la alumini la milimita 8 au 10. Uzuri wa kuiona biti naujua, nami niliupenda, lakini taa ndogo kando ya fensi inatosha.

Swali: Fundi, pole na majukumu. Nimetengeneza bamba kwa plaiwudi nzuri ya milimita 12, nikabandika fomaika juu ili mbao ziteleze. Lilikuwa limenyooka kama kioo. Wiki tatu baadaye limebonyea upande wa fomaika, na ruta sijaifunga bado! Nimekosea wapi?

Jibu: Asante, nimekwishapoa. Ulibandika upande mmoja. Plaiwudi huvuta na kutoa unyevu wa hewa, na fomaika imeufunga uso wa juu. Upande wa chini unapumua peke yake, unatanuka hewa ikiwa na unyevu, na bamba linakunjika kuelekea upande uliofungwa. Bandika fomaika ya aina ile ile, unene ule ule, upande wa chini pia, na gundi ile ile. Kabla ya hapo lisimamishe wima siku chache hewa ipite pande zote mbili sawa, na upime kama limerudi. Likigoma kurudi, usilifunike lilivyo, maana utakuwa umeufungia ule mkunjo ndani. Kata jingine, na safari hii gundi ya pande zote mbili ipakwe siku moja. Kingo nazo zipake vanishi, pamoja na ukuta wa ndani wa tundu la biti, ambao wengi tunausahau.